Utepe wa Mia na Ishirini

Kazi yenyewe si ngumu. Mashindano ya baiskeli yakiisha, unabeba gunia mgongoni, unaingia msituni na baiskeli yako kukusanya tepe nyekundu zilizofungwa kwenye matawi kuonyesha njia. Unafungua, unatia guniani, unasonga mbele. Saa moja na nusu umemaliza, umerudi langoni, unanawa mikono. Hata mlevi anaiweza.

Ina sharti moja tu. Tunaliita kufuata mkia. Mkusanyaji anakaa nyuma ya mwendeshaji wa mwisho kabisa, na hafungui utepe mpaka yule wa mwisho awe ameshaupita. Njia inaanzia uwanja wa magari, inazunguka bwawa la juu, inashuka bwawa la chini, inaishia kwenye nguzo ya lango la hifadhi. Tepe mia na ishirini, na ule wa mia na ishirini unafungwa kwenye nguzo yenyewe. Ukifika pale umemaliza.

Jioni ile nilikuwa na haraka ya heri. Binti yangu Kadogo ana miaka saba, na nilikuwa nimemwahidi kwamba kabla jua halijazama nitamfungulia vigurudumu vya pembeni kwenye baiskeli yake, aanze kuendesha kama watu wazima. Alikuwa ameniapisha mara tatu. Mara ya tatu alinishikisha na masikio.

"Baba, ukichelewa?"

"Sichelewi."

"Ukichelewa nitafungua mwenyewe."

"Kwa spana ipi?"

Akacheka. Nikaondoka nikicheka.

Gunia nilikabidhiwa na mshonaji. Ni mama mwenye duka la cherehani nyuma ya ofisi ya hifadhi. Yeye ndiye aliyezipasua tepe zile miaka hiyo ya mwanzo, na kila mwaka anazifua, anazipiga pasi, anazileta zimekunjwa kama nepi za mtoto. Hakuwa ameniongelesha tangu mwaka uliopita, ila salamu.

"Fundi," alisema, "safari hii utafuata mkia?"

"Nafuata, mama. Mbona kila mwaka nafuata."

Alinitazama anavyoutazama mshono wa mtu mwingine. Kisha akanipa gunia, akaenda kukaa kwenye benchi la pale langoni, mikono mapajani.

Niligundua kitu asubuhi ya siku hiyohiyo tulipokuwa tukizifunga tepe. Kila moja ilikuwa na fundo dogo kwenye ncha. Fundo gumu, limekakamaa, lina harufu ya moshi na ya nywele zilizoungua. Nilimwonyesha mlinzi wa lango, akanicheka. "Mama wa watu anazuia kitambaa kisifumuke, wewe umeshaona uchawi." Lakini watu walikuwa wakisema kwamba alikwenda kwa mganga ng'ambo ya milima, akakaa siku tatu, akarudi bila kilemba chake. Watu husema mengi.

Na niseme langu sasa hivi, kabla sijaingia msituni, maana bila hilo hamtaelewa nilikuwa naogopa nini.

Mshonaji alikuwa na binti. Miaka kumi na tisa, mwembamba, mbishi. Karakana yangu ndiyo ilikuwa nyumbani kwake pa pili. Nilimfundisha mimi kuziba pancha, kunyoosha rimu, kupanga gia. Tulimwita Robo, kwa sababu kila nati aliyokaza aliiongeza robo mzunguko. Nati ikishafika mwisho, yeye anatoa ulimi nje, anasukuma tena robo. Nilimgombeza mpaka nikachoka. "Utakata skrubu wewe!" Hazikukatika hata siku moja.

Mwaka jana alishindana, namba thelathini na moja. Alikuwa wa mwisho, kwa sababu alisimama kumtengenezea mwenzake mnyororo. Mwenzake akafika. Yeye bado. Mimi nilikuwa langoni na gunia langu, na kulikuwa na fainali ya mpira kwenye televisheni.

Nilitaka kuwahi mpira. Hilo tu. Sina sababu nzuri zaidi ya hiyo.

Nikaanza kukusanya kinyumenyume. Nilianza na utepe wa nguzo ya lango, nikaingia nao msituni kuelekea bwawa la chini, nikifungua tepe zilizokuwa mbele yake bado. Nilijiambia nitakutana naye njiani. Kwenye njia panda ya bwawa la chini nilifungua zile tatu. Pale kushoto kunakuja langoni, na kulia kunashuka kwenye tope la ukingo, mahali maji yanapopanda na kushuka. Nikasubiri kidogo... nikaita mara mbili. Nikaona labda amepita njia ya mkato. Nikamalizia sehemu iliyobaki mbiombio, nikatokea uwanja wa magari, nikawahi kipindi cha pili.

Walimtafuta siku kumi na moja. Maji yalipopungua iliibuka baiskeli, imesimama kwenye tope mpaka kitini. Yeye hakuonekana.

Waliniuliza kama tepe zilikuwepo alipopita. Nikasema zilikuwepo zote. Mama yake alipozihesabu akapata mia na kumi na tisa, akaniuliza mmoja uko wapi. Nikasema upepo umeuchukua.

Haukuchukuliwa na upepo. Nilikuwa nimeuzungusha kwenye kiganja nifutie jasho, nikaenda nao nyumbani. Kadogo akauomba. Tangu siku ile umefungwa kwenye usukani wa baiskeli yake, unapepea.

Mshonaji hakupasua mwingine. Mwaka huu nguzo ya lango ilibaki tupu.

Basi. Nikaingia msituni.

Nilifuata mkia, naapa. Wa mwisho alikuwa mzee mmoja mwenye kofia ya njano, anaendesha huku akiongea na magoti yake. Nilikaa nyuma yake bwawa la juu lote. Alipopita utepe, nikaufungua. Kila fundo nililoligusa liliniachia harufu ile vidoleni. Tulipoanza kushuka bwawa la chini akapata mteremko, akanyanyua miguu kama mtoto, akapotea kwenye kona. Nikamsikia akipiga kengele mbali mbele, karibu na lango. Nikafurahi. Gunia lilikuwa na tepe tisini kasoro, jua lilikuwa limekaa juu ya maji, jekundu, na saa yangu ilisema kumi na mbili na dakika kumi.

Nikafika njia panda.

Hapakuwa na utepe.

Nilikuwa nimezifunga mwenyewe asubuhi, tena tatu, na mnaweza kukisia nilichokuwa nafikiria pale. Nikatazama chini labda zimeanguka. Hakuna. Nikatazama kushoto, kwenye mti wa mbele ulipopaswa kuwepo mwingine. Matawi matupu. Nikasema labda yule mzee amezikusanya kwa wema wake. Watu wema wanakera.

Nikashika kushoto. Njia hiyo naijua nikiwa nimefumba macho. Dakika kumi unaona lango.

Nikaendesha dakika kumi. Nikaona maji.

Mnara wa bwawa la chini, ule wa saruji unaosimama ndani ya maji, wenye ngazi ya chuma iliyokatika kidato cha tatu. Ulikuwa mbele yangu. Nikageuka, nikarudi njia panda, nikashika kushoto tena, nikakanyaga kwa nguvu.

Maji. Mnara. Kidato cha tatu.

Saa: kumi na mbili na dakika kumi.

Nikaigonga. Nikatoa simu. Simu nayo inasema hivyohivyo, na haina mtandao. Nikatazama jua. Lilikuwa pale pale, nusu ndani ya maji, halipandi, halizami. Ndege walikuwa kimya. Hata mbu.

Nikajaribu njia ya kulia. Nikajaribu kurudi bwawa la juu nilikotoka. Nikatupa njia kabisa, nikabeba baiskeli begani, nikapita katikati ya miti moja kwa moja nikilipa jua mgongo, nikachanika mikono. Niliposhuka kwenye uwazi jua lilikuwa mbele yangu, na mnara, na kile kidato. Sijui nilizunguka mara ngapi. Nilihesabu mpaka arobaini nikaacha, maana hesabu yenyewe ilianza kunitia wazimu. Nilichoka mpaka nikalala chini. Nikasikia njaa ya siku nzima. Ikapita, ikaja nyingine. Jua halikuzama.

Nilimfikiria Kadogo na spana yake. Nililia, sioni haya kusema.

Halafu nikasikia.

Tik... tik... tik...

Kila anayejua baiskeli anaijua sauti hiyo. Ni gurudumu la nyuma, mtu akiacha kukanyaga na kuiacha itembee yenyewe. Ilikuwa mbele yangu, kwenye kona.

"Mzee!" nikaita. "Mzee wa kofia ya njano!"

Ikanyamaza. Nikakimbilia konani. Hakuna mtu. Kulikuwa na tawi linalotikisika polepole, kama lililoachiwa sasa hivi, na harufu ya tope bichi.

Hapo ndipo nikaelewa. Kulikuwa na mtu anafungua tepe mbele yangu. Nilikuwa nafanyiwa nilichofanya.

Nikakaa chini, mgongo kwenye mti. Tik... tik... Safari hii nyuma yangu. Karibu. Ikasimama upande wa pili wa ule mti. Nikasikia maji yakidondoka kwenye majani, tone moja moja.

"Fundi..."

Sauti ndogo. Ya mtu aliyeita sana mpaka koo likakauka.

"Fundi... njia iko wapi?"

Nikalivuta gunia kifuani.

"Nimeshapita hapa."

"Robo..."

"Nimeshapita hapa, fundi. Jua halizami."

Mwaka mzima. Nilipotea pale kwa muda nisioujua, nikajiona nimekoma. Yeye alikuwa humo mwaka mzima, anazunguka, anatafuta kitambaa chekundu.

"Nilizitoa mimi," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kutoka kinywani mwangu. "Nilikuwa nawahi mpira. Nilizitoa ukiwa bado ndani. Nikadanganya."

Tone. Tone.

Nilingoja anishike shingo. Ningemshukuru, nadhani.

"Mama yupo langoni," akanong'ona. "Nasikia ananiita. Sioni pa kupita."

Nikafungua gunia. Nikatoa utepe, nikarudi kwenye njia panda, nikaufunga kwenye tawi la kushoto. Fundo lake lilikuwa la moto. Na mbele, hatua thelathini, nikauona mti ambao sikuwa nimeuona mizunguko yote ile, mti wenye kovu la radi, ulio kwenye njia ya lango.

Nikafunga mwingine pale. Ukaonekana mti wa tatu.

Ndivyo nilivyotoka. Nikifunga, njia inafunguka utepe mmoja zaidi. Nisipofunga, nikinyanyua macho naona maji. Nyuma yangu tik... tik... haipungui, haizidi. Sikugeuka. Nilikuwa na tepe tisini kasoro, na sehemu ile huchukua thelathini na kitu, lakini nilizitumia karibu zote. Njia ilikuwa imerefuka, au mimi nilikuwa nafunga kila mti kwa woga. Ulibaki mmoja tu na vumbi la gunia, nikaufunga kwenye mti wa mwisho kabisa wa msitu.

Mbele kulikuwa na lango. Taa yake ilikuwa inawaka. Mlinzi alikuwa anapuliza chai. Mshonaji alikuwa kwenye benchi, mikono mapajani.

Nikavuka hatua zile za mwisho nikiburuta baiskeli. Nyuma yangu, kwenye ule mti, tik ikasimama.

"Umewahi," mlinzi akasema. "Mzee wa kofia ya njano kaingia sasa hivi tu."

Saa yangu: kumi na mbili na dakika kumi na saba.

Nikatazama baiskeli. Asubuhi ile nilikuwa nimeifunga tairi mpya mbili, bado zina vile vinyweleo vya mpira. Zilikuwa kipara. Nyuzi za ndani zilikuwa nje. Breki zilikuwa zimekwisha mpaka chuma kinasaga rimu. Hiyo ni kazi ya mwaka kwa mtu anayeendesha kila siku.

Mshonaji alisimama. Hakunitazama mimi. Alitazama mti wa mwisho.

"Amefika wapi?"

"Yupo pale, mama." Nikanyoosha kidole. "Pale kwenye utepe."

"Mbona haji?"

Akatazama nguzo ya lango, tupu, akanitazama na mimi.

"Wa mia na ishirini uko wapi, fundi?"

Nilikuwa nimechoka kudanganya. Nilikuwa nimetoka kulisema kubwa, nikaona hili dogo litanidhuru nini. Nikataka kuwa mtu mkweli, mara moja, mbele ya yule mama. Ndilo kosa langu la pili, na hili la pili ndilo linaloninyima usingizi.

"Uko kwangu," nikasema. "Umefungwa kwenye baiskeli ya binti yangu."

Alifumba macho, akashusha pumzi ndefu, kama aliyetua mzigo.

"Basi atafika."

Tik... tik... tik... Ikaanza tena. Ikatoka msituni, ikaja, ikapita katikati yetu na ubaridi wa tope, chai ya mlinzi ikamwagika mkononi akatukana, hakujua kwa nini. Mama yule alinyoosha mkono kuigusa. Haikusimama. Ikavuka lango, ikateremka barabara ya mjini. Kuelekea nyumba yangu.

Nilikimbia. Baiskeli niliitupa, haikuwa na tairi za kunifikisha. Sijawahi kukimbia vile hata nilipokuwa kijana. Kichwani nilikuwa na neno moja tu, Kadogo, Kadogo, mpaka kona ya duka la mkaa, mpaka mlango wa ua.

Alikuwa kwenye ngazi, mzima, anakula ndizi. Nikamkumbatia nikamwinua, akanisukuma kwa vidole vyake vya ndizi.

"Baba unanuka!"

"Uko salama? Nani amekuja hapa?"

"Umechelewa," akasema. "Dada amenifungulia."

Kando ya ngazi kulikuwa na vile vigurudumu vya pembeni, vimepangwa sambamba, nati zake zimerudishwa kwenye skrubu zisipotee. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha wanafunzi wangu wote.

"Dada gani, mwanangu?"

"Mwenye viatu vya tope. Amenifundisha, baba! Najua sasa! Tulizunguka saaana. Tuliona na mnara ndani ya maji, una ngazi mbovu." Akamaliza ndizi. "Nikamwambia baba atanigombeza jua likizama. Akasema huko halizami."

Baiskeli yake ndogo ilikuwa imeegemezwa ukutani. Nilipiga magoti mbele yake. Tairi zote mbili zilikuwa kipara. Utepe ulikuwa palepale kwenye usukani, ila sasa ulikuwa na fundo kwenye ncha, gumu, lina harufu ya moshi.

Kesho yake nilikwenda ofisi ya hifadhi nikasema yote. Walinifukuza kazi, na walikuwa na haki. Kisha nikaenda kwa mshonaji, nikapiga magoti kati ya vipande vya vitambaa, nikamwomba afungue alichokifunga.

"Mimi nilimwita tu atoke, fundi," alisema, mguu ukiwa juu ya kanyagio la cherehani. "Pa kwenda amechagua mwenyewe. Mlimzoea, naye aliwazoea." Sasa kila nikipita pale ananiuliza kitu kimoja, taratibu, na sina budi kumjibu. "Robo hajambo?"

Baiskeli ya Kadogo nimeshaitupa. Ilirudi. Utepe haufunguki, na kisu hakiukati. Kadogo hataki kuhama nyumba, anasema dada hatajua njia.

Kwa hiyo kila jioni, kabla ya saa kumi na mbili, navua magurudumu yote mawili, nayafungia kwenye sanduku la spana, na ufunguo nalala nao shingoni. Kila asubuhi nayakuta mahali pake, tairi zimeliwa. Nakaa chini na spana kuyavua upya. Miaka ishirini nimekaza nati, na mkono wa kila mtu naujua. Hizi hazifunguki mpaka nisimame juu ya spana kwa uzito wangu wote.

Zimezidi robo.